Ruse, mji ulioneemeka kwa sababu wasafiri walilazimika kushuka

Kazi yangu ni historia ya reli na bandari, na nikiulizwa mtu aanze na mji gani wa Bulgaria, sitaji Sofia. Nataja Ruse, ulio kwenye ukingo wa Mto Danube, ukitazamana na Giurgiu ya Romania.

Warumi walikuwa na ngome hapo, Sexaginta Prista, lakini mimi naanzia 1864. Mwaka huo Waosmani, dola ya Kituruki iliyotawala eneo hilo, waliunda Jimbo la Danube, gavana akawa Midhat Pasha na Ruse ukawa makao makuu. Miaka miwili baadaye ikafunguliwa reli ya Ruse hadi Varna, takriban kilomita 220, ya kwanza katika ardhi ambayo leo ni Bulgaria.

Ukifungua ramani utaona kwa nini ilijengwa. Danube ukishaipita Ruse hauendi moja kwa moja baharini, bali unapinda kaskazini na kuzunguka mbali kabla ya kumwaga maji yake Bahari Nyeusi. Reli ilikata njia ya mkato nchi kavu. Ndiyo maana treni ya Orient Express ilipoanza 1883, abiria kutoka Paris waliteremka Giurgiu, wakavuka mto kwa boti, wakapanda treni nyingine Ruse, na kule Varna wakaingia melini kwenda Istanbul. Mahali abiria anapobadilisha chombo pana mzigo wa kubebwa, chakula cha kuuzwa, kitanda cha kulipiwa na fedha za kubadilishwa. Sensa ya kwanza baada ya Bulgaria kujitawala iliukuta Ruse una watu wengi kuliko Sofia.

Mwaka 1889 Orient Express ikaanza kwenda moja kwa moja kupitia Sofia, na Ruse ukapoteza wageni wake mashuhuri. Hata hivyo biashara ya mtoni na Vienna iliendelea, na fedha zake zinaonekana katikati ya mji hadi leo. Jengo ninalolipenda kuliko yote ni Dohodno Zdanie, lililokamilika 1902, lenye sanamu ya Mercury, mungu wa biashara wa Warumi, juu ya paa. Bodi ya shule ndiyo iliyolijenga: ukumbi wa michezo ndani, vyumba vya kupangisha pembeni, na kodi iende kwenye shule za mji. Sijui mapambo ya Ulaya yenye sababu nzuri kuliko hiyo.

Elias Canetti, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya 1981, alizaliwa Ruse 1905 katika familia ya Wayahudi waliozungumza Kihispania cha kale. Aliandika kwamba kwa siku moja mjini humo uliweza kusikia lugha saba au nane.

Daraja la kwenda Giurgiu lilifunguliwa 1954, magari juu, treni chini. Hadi 2013 hapakuwa na jingine kati ya Bulgaria na Romania juu ya mto huo.

Kisha ikaja sumu. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha kemikali cha Giurgiu kilikuwa kikitoa klorini, na upepo ukivuma kuelekea kusini, watu wa Ruse waliivuta. Serikali hazikutaka kugombana hadharani, kwa kuwa nchi zote mbili zilikuwa za kambi moja ya kikomunisti. Septemba 1987 akina mama waliingia barabarani wakisukuma vigari vya watoto wao. Tuzingatie: katika nchi ambayo maandamano yasiyoruhusiwa yangeweza kukugharimu kazi, walitangulia wazazi. Machi 1988 wasomi na wasanii wakaunda Kamati ya Ruse, ya kutetea mazingira ya mji huo, mjini Sofia, na baadhi yao wakaadhibiwa na chama. Todor Zhivkov, kiongozi wa kikomunisti wa Bulgaria, aling'olewa Novemba 1989. Anayesimulia anguko la ukomunisti kwa kuanza na Ukuta wa Berlin anawaruka akina mama hawa, na kwangu hilo ni kosa kubwa.

Leo stesheni ya 1866, kando ya mto, ni makumbusho ya uchukuzi, na ndani yake imo injini ya mvuke ya 1868. Wakazi, waliozidi 180,000 katikati ya miaka ya 1980, sasa ni takriban 120,000. Na tangu 1 Januari 2025 Bulgaria na Romania zimo kikamilifu katika eneo la Schengen, ambamo mipaka huvukwa bila ukaguzi wa kawaida wa pasipoti, kwa hiyo hata ile foleni ya pasipoti darajani, sababu ya mwisho ya msafiri kusimama Ruse apende asipende, imeondolewa.