Mtae na majirani zake: yasemwayo na yalivyo

Kijiji cha Mtae kimekaa ukingoni mwa Usambara Magharibi, wilayani Lushoto, pale mlima unapokatika ghafla na nyika ya Mkomazi kuonekana chini kabisa.

Dhana: Watu walijenga ukingoni kwa kuwakimbia maadui tu.
Usalama ulikuwepo, ila shamba lilikuwa na uzito wake. Mkazi wa ukingoni ana nchi mbili kwa mwendo wa miguu: Shambaai, nchi ya Wasambaa, juu, penye migomba na maharage, na nyika chini, penye joto na mvua za msimu tofauti. Huku kukikauka, huenda kule kukawa na chochote. Kushuka ni rahisi. Kazi ni kupanda jioni na gunia kichwani.

Dhana: Wambugu ni Wasambaa wenye lafudhi.
Sivyo. Hawa majirani, wafugaji wa ng'ombe tangu zamani, wana Kimbugu chao: sarufi yake iko karibu na Kipare, na kuna namna ya kukizungumza ambayo maneno yake mengi yana asili ya Kikushi, jamii ya lugha kama Kisomali na Kiiraqw. Wanaisimu hawajamaliza kubishana juu yake.

Dhana: Wasambaa walikataa matuta kwa uvivu.
Hii ndiyo inayoudhi. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha matuta ya kuzuia mmomonyoko, ikianzia bonde la Mlalo, na watu wakagoma. Kazi ilikuwa kubwa, faida haionekani upesi. Tena tuta la ngazi likikatwa kwa pupa, udongo mweusi wa juu unafukiwa, ule mwekundu unabaki juu, na mahindi yanaota ya njano. Weka udongo wa juu kando kwanza, kata, kisha urudishe.

Kwa fanya juu, aina nyingine ya tuta, chimba mtaro wa sentimita 60 kwa 60, tupa udongo upande wa mlimani, tuta ulipande majani ya guatemala au mabingobingo. Usawa upimwe kwa fremu ya A: miti miwili, mmoja wa kukatiza, na kamba yenye jiwe. Mtaro ukiinama hata kidogo, maji yote hukimbilia pale palipoinama, yanavunja tuta, na korongo linaanzia hapo hapo.

Dhana: Kutoka Mtae, Kilimanjaro huonekana kila siku.
Hapana. Jaribu alfajiri au jioni, mvua ikishaosha vumbi. Juni na Julai, beba sweta.