Usinunue spika ya gari ukaniletea nifunge chomboni

Kila mwaka kusi ikishalegea, vyombo vikianza kushushwa majini, simu yangu haipoi. Mwenye boti ya kutembeza wageni Tudor, mwenye boti ya kuvulia Mtwapa, wote wana ombi moja: "Fundi, nimepata spika kali mjini, bei poa. Waja lini kunifungia?" Nami humuuliza ni za nini. Mara nyingi ni za gari.

Ubaya wa spika ya gari ni kwamba haifi siku ya kwanza. Italia vizuri kaskazi yote, mwenyewe akanicheka kwamba nilitaka kumlia pesa. Lakini koni yake, ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti, aghalabu ni ya karatasi, na karatasi hunywa unyevu wa usiku. Fremu ni chuma kilichopakwa rangi tu. Kutu huingia taratibu mpaka kwenye ule mwanya mwembamba ambamo koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni) hupanda na kushuka, na ukisikia spika inakwaruza, ujue imekwisha. Ya baharini ina koni ya plastiki, ukingo wa mpira, na skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Hapa wengi husema: basi nitafute iliyoandikwa IP67, maji hayaingii. Kweli, hiyo 6 ni ya vumbi, na 7 ni ya kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Ila maji ya jaribio hilo ni matamu! Chumvi haimo kwenye hesabu. Adui wetu Mombasa ni ule ukungu wa chumvi unaokaa juu ya kila kitu hata chombo kikiwa kimetia nanga, halafu jua la utosi linakuja kukaanga kilichobaki. Kwa hiyo soma karatasi ya kifaa utafute kama kimepimwa kwa ukungu wa chumvi (kipimo kinachotajwa sana ni ASTM B117) na kama plastiki yake imepimwa kwa miale ya jua. Kama karatasi haisemi lolote kuhusu chumvi, mimi hurudisha boksi kaunta.

Boksi lenyewe nalo lisikubabaishe kwa wati. Nimeona redio imeandikwa wati 50 mara 4, nikaigeuza nyuma nikakuta fyuzi ya ampea 10. Piga hesabu: volti 14.4, injini ikichaji, mara ampea 10, ni wati 144 kwa yote, na sehemu yake inageuka joto. Hizo 200 zinatoka wapi? Boksi husema litakalo. Fyuzi ndiyo ya kuulizwa. Tafuta neno RMS, hizo ndizo wati za kweli.

Na usikimbilie spika moja kubwa. Chomboni hakuna kuta za kurudisha sauti. Ukienda mbali maradufu, sauti inapungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kuongeza wati maradufu kunakurudishia 3 tu. Spika nne ndogo zilizo karibu na watu zitakupa raha kuliko mbili kubwa zinazopigia samaki kelele huko tezi. Ile ya karibu na usukani ipewe swichi yake peke yake, maana nahodha lazima asikie chaneli ya 16 ya redio ya VHF, ile ya miito ya dharura baharini, hata kama abiria wako kwenye taarabu.

Sasa waya, mahali ambapo watu hubana senti. Shaba tupu baharini hugeuka kijani kisha nyeusi, tena ndani ya mpira usikokuona. Nunua waya wa nyuzi nyingi zilizopakwa bati, kila nyuzi. Unene nao: amplifaya ya ampea 20, mita 6 kwenda na 6 kurudi, kwa waya wa milimita mraba 4 unapoteza karibu volti 1 njiani. Ukiweka wa 16, unapoteza kama robo yake. Mteja anadhani amplifaya ni mbovu, kumbe inakufa njaa. Fyuzi nayo iwe jirani na betri. Kanuni za Wamarekani za vyombo kwa kawaida hutaka isizidi inchi 7, kama sentimita 18. Mtu akiniambia ataiweka kwenye dashibodi kwa sababu ni rahisi kuifikia, namwachia kazi yake.

Kuna nahodha aliniita kwamba dira yake imeingiwa na shetani. Dira ilikuwa nzima. Fundi aliyetangulia alifunga spika nyuma ya ubao, shubiri moja na dira, na sumaku ya spika ikawa ndiyo kaskazini yake. Kabla hujatoboa tundu, shika spika mkononi uisogeze huku mwenzako akitazama sindano. Ikitikisika, hapo si mahali pake.

Televisheni sina mengi. Chukua ya volti 12 moja kwa moja, iwe ndani ya kabini, kwani skrini ya nyumbani haionekani juani. Dishi la kawaida sahau. Chombo kikiyumba, mechi yenu inakatika. Antena ya kawaida au data ya simu mkiwa karibu na pwani inatosha.

La mwisho ni betri. Muziki uwe na yake, mbali na ya kuwashia injini. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 itumie nusu tu. Mfumo ukila ampea 10, una saa 5. Niliwahi kufuatwa usiku kwenda kuwasha boti nje ya Nyali: sherehe ilikuwa nzuri, abiria ishirini, na betri moja.