Raspberry Pi inachelewa kuwaka? Kwanza jua inasubiri nini

Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, yenye mfumo wa Lite usio na desktopu, kadi nzuri na chaja ya kutosha, kwa kawaida huwaka ndani ya nusu dakika. Ikichukua dakika mbili au tatu, mara nyingi si kwamba kazi zimeizidi. Imekaa inasubiri kitu: mtandao, diski au saa. Ndiyo maana ule ushauri unaozagaa mitandaoni, wa kuzima bluetooth na kupandisha kasi ya prosesa, hausaidii sana huku kwetu. Pi nyingi za Nyanda za Juu Kusini ni seva zisizo na skrini: masomo ya shule ya kata isiyo na intaneti, vipimo vya hali ya hewa kwenye shamba la chai Mufindi, kamera za duka Mwanjelwa. Umeme unakatika, unarudi saa nane usiku, na Pi inatakiwa iwake yenyewe bila mtu.

Anza na taa ya kijani. Ikipepesa ovyo ovyo, Pi inasoma kadi, yaani kazi inaendelea hata kama ni kwa taabu. Ikitulia kimya dakika nzima, inasubiri. Ikipepesa kwa mpangilio, mara nne fupi kisha kimya kisha mara nne tena, hilo si suala la kuchelewa: haijaliona faili la kuanzia. Mara saba, keneli, yaani kiini cha mfumo, haipo. Hapo usihangaike na huduma (programu zinazojiendesha nyuma ya pazia), andika mfumo upya kwenye kadi.

Ukishaingia kwa SSH, yaani kwa amri kutoka kompyuta nyingine, andika:

systemd-analyze
systemd-analyze critical-chain

Amri ya kwanza inatoa muda wa keneli na muda wa huduma zilizofuata. Zile sekunde za mwanzo kabisa, kabla keneli haijapakiwa, haizihesabu. Hizo pima kwa saa ya simu tangu unapochomeka waya. Ikikujibu kwamba kuwaka bado hakujaisha, usikate tamaa, umepata bahati. Andika systemctl list-jobs na huduma iliyokwama utaiona kwa jina.

Wengi hukimbilia systemd-analyze blame, na hapo ndipo wanapopotea. Orodha ile inaonyesha kila huduma imechukua muda gani, lakini huduma zinawaka kwa pamoja. Moja inaweza kusoma sekunde 40 na isimcheleweshe yeyote. Kwenye critical-chain, alama ya @ ni wakati huduma ilipokuwa tayari, na + ni muda iliotumia yenyewe. Fuata + kubwa kwenye mnyororo huo, achana na orodha ndefu.

Jina utakalokutana nalo zaidi ni NetworkManager-wait-online.service. Tangu toleo la Bookworm la mwaka 2023, Raspberry Pi OS inatumia NetworkManager, na huduma hii inaweza kushikilia hadi dakika moja ikisubiri mtandao uunganike. Hapa kuna jambo linalochanganya watu: kuisha kwa bando hakuichelewesha. Haiulizi kama intaneti ipo, inauliza kama Pi imeunganika na ruta. Tatizo ni umeme unaporudi: Pi na ruta vinawaka kwa pamoja, ruta ndiyo kwanza inajikongoja, na Pi imesimama mlangoni. Kama kazi ya Pi ni ya hapo hapo ndani, kama seva ya shule inayotoa Wi-Fi yake yenyewe, izime:

sudo systemctl disable NetworkManager-wait-online.service

Usiizime kabla hujaangalia /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski na folda za kuunganishwa wakati wa kuwaka. Ukiwa na folda inayotoka kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao, huenda inaitegemea. Folda ya namna hiyo iongezee x-systemd.automount, ili iunganishwe siku mtu anapoifungua, si wakati wa kuwaka. Na programu yako mwenyewe inayohitaji mtandao iwekee Restart=on-failure na RestartSec=10 kwenye faili lake la huduma. Iache ianguke na kuinuka yenyewe mpaka ruta iwe tayari. Kwa maoni yangu hiyo ni bora kuliko kuusimamisha mfumo mzima kwa ajili ya programu moja.

Kwa wanaotumia Ubuntu, huduma inayofanana na hiyo ni systemd-networkd-wait-online na yenyewe husubiri dakika mbili. Dawa yake ni optional: true chini ya kiunganishi husika kwenye faili la netplan, lile la mipangilio ya mtandao.

Ukiona kuchelewa kwa dakika moja na nusu kamili, bila kupungua wala kuzidi, twende moja kwa moja kwenye fstab. Sekunde 90 ndio muda ambao systemd, programu inayowasha huduma zote, inaisubiri diski iliyoandikwa humo. Mtu kachomoa haddiski ya USB akanakilie video, au kaifomati upya na UUID, namba yake ya utambulisho, ikabadilika, na Pi inaitafuta ile ya zamani. Kibaya zaidi, bila neno nofail (diski isipopatikana, endelea) haiishii kuchelewa tu: inaangukia kwenye hali ya dharura, na kwa kuwa akaunti ya root, ya msimamizi mkuu, imefungwa kwenye Raspberry Pi OS, huwezi hata kuingia. Unabaki na skrini inayokuambia ubonyeze Enter, na ukibonyeza hakuna kinachobadilika. Mstari salama uko hivi:

UUID=xxxx-xxxx /mnt/masomo ext4 defaults,noatime,nofail,x-systemd.device-timeout=5s 0 2

UUID halisi ipate kwa sudo blkid. Ukimaliza kuhariri, andika sudo findmnt --verify kabla ya kuzima chochote. Itakuonyesha makosa ya uandishi. Ukiwa umeshajifungia nje, chomeka kadi kwenye kompyuta yenye Linux na usahihishe faili hapo. Windows haitakusaidia, sehemu hiyo ya kadi haiioni.

Sasa umeme, ambao unadharauliwa mno. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3, Pi 3 ampea 2.5. Volti ikishuka chini ya 4.63, Pi inajipunguzia kasi, na wakati wa kuwaka ndipo inapokula umeme kwa wingi, hasa kama kuna haddiski inayoanza kuzunguka. Uliza:

vcgencmd get_throttled

Jibu la 0x0 ni salama. 0x50000 maana yake volti ilishuka wakati fulani tangu iwashwe na kasi ikapunguzwa. 0x50005 maana yake inatokea sasa hivi unapoangalia. Mara nyingi chaja haina kosa, kosa ni waya: zile nyembamba za mita mbili za kuchajia simu zinapoteza volti njiani. Weka mita kwenye pini namba 2 na namba 6 za GPIO, ile safu ya pini kwenye ubao, wakati Pi inawaka, usome mwenyewe. Waya mfupi na mnene unamaliza tatizo.

Wanaotumia sola Makete, Njombe na Kitulo waangalie jambo la ziada. Betri ya asidi hupungukiwa nguvu kwenye baridi, na alfajiri ya Julai inakuwa imeshatumika usiku kucha. Kifaa cha kushusha volti 12 hadi 5 kinaweza kuonyesha 5.1 mchana na kushindwa saa kumi na moja alfajiri. Pi inayowaka vizuri saa sita mchana na kusuasua asubuhi, ipime asubuhi hiyo hiyo.

Kadi nayo. Kama critical-chain haina mkosaji mmoja, kila huduma imechelewa kidogo kidogo na taa ya kijani haitulii, kadi ndiyo inayokuangusha. Alama ya A1 kwenye kadi inaahidi angalau usomaji wa vipande vidogo 1500 kwa sekunde na uandikaji 500, na kuwaka ni kusoma maelfu ya vipande vidogo. Ile "megabaiti 100 kwa sekunde" ya kwenye pakiti haihusiki sana hapa. Kipimo:

sudo apt install agnostics
sudo sh /usr/share/agnostics/sdtest.sh

Ikifeli, rudia mara moja tena, kisha tazama ujumbe wa keneli kuhusu kadi kwa dmesg | grep mmc0. Ukiona error -110, kadi inachelewa kujibu hadi keneli inachoka. Nakili data zako leo, usingoje kesho. Kadi mpya ya dukani nayo ijaribu kwa f3write na f3read, programu za kupima ukubwa wake halisi, kabla ya kuitumia, maana feki zinauzwa kwa sura ile ile. Kadi ya GB 32 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde itachukua karibu saa nzima kuandikwa tu, kwa hiyo iache ikifanya kazi uendelee na mambo mengine.

Kuhusu saa, maelezo ni mafupi. Pi zote kabla ya Pi 5 hazina saa inayotunza muda zikiwa zimezimwa. Ikizimwa siku tatu, inaamka na tarehe ya zamani, vyeti vya usalama vinakataliwa, na huduma yoyote inayosubiri time-sync.target, yaani saa ilinganishwe kwanza, inaweza kuganda pasipo na intaneti. Moduli ya saa ya DS3231 kwenye pini za GPIO, na mstari dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 ndani ya /boot/firmware/config.txt, vinaisaidia Pi kutunza tarehe ikiwa imezimwa.

Kama kuchelewa ni kabla hata ya keneli, kwenye Pi 4 angalia vcgencmd bootloader_config. BOOT_ORDER, yaani mpangilio wa mahali pa kuwakia, husomwa kutoka kulia: 0xf41 ni kadi, kisha USB, kisha kurudia. Ukikuta 2 upande wa kulia kabisa, inajaribu kwanza kuwaka kupitia mtandao, na kusubiri huko ni kwa makumi ya sekunde. Rekebisha kwa sudo -E rpi-eeprom-config --edit.

Baada ya kila badiliko pima upya, na usipime kwa sudo reboot peke yake, kwa sababu ruta inakuwa tayari imewaka na diski zinazunguka. Andika sudo poweroff, ngoja taa ya kijani itulie, zima soketi ya ruta na ya Pi, kisha washa zote mbili kwa swichi moja, kama umeme unavyorudi. Mara ya kwanza baada ya kuandika kadi mpya usiihesabu. Pi inakuwa inatanua nafasi ya kadi.