Kabla hujaiosha sensa ya hewa, isome kwanza

"Fundi, nimeambiwa sensa imekufa."

"Nani kaipima, Mwalimu?"

Kimya. Kisha: "Hakuna aliyepima. Aliyeniambia kaiangalia tu."

Mwalimu ni mteja wangu wa siku nyingi, mstaafu, ana Toyota IST ya 1300, ile yenye injini ya 2NZ. Gari lilikuwa linatetemeka likiwa sailensi, yaani likiunguruma bila kukanyagwa, likipanda kilima linakosa nguvu, na taa ya injini imewaka wiki ya pili. Alishapewa bei ya sensa mpya na alikuja kwangu kuuliza kama ni bei ya haki. Mimi nikamwomba ufunguo.

Tunayoizungumzia ni ile sensa ya hewa, wengi wanaiita MAF. Kwenye IST imekaa kwenye boksi la ea klina, baada ya filta, na soketi yake ina waya 5. Ndani yake kuna kipande kidogo chenye waya mwembamba wa platinamu unaopashwa moto na umeme. Hewa ikipita inaupoza, kama unavyopuliza chai kwenye sosa. Sensa inaongeza umeme ili joto la waya lisishuke, na kiasi cha umeme kilichotumika ndicho kinachoiambia kompyuta ya gari ni hewa kiasi gani imeingia. Injini ya 1300 iliyokwisha kupata moto, ikiwa sailensi, inavuta gramu 2 hivi za hewa kwa sekunde. Ukiikanyaga mpaka mwisho kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, inakaribia gramu 70. Kompyuta ikishajua gramu za hewa ndipo inapojua inyunyize petroli kiasi gani: gramu 1 ya petroli kwa gramu 14.7 za hewa.

Sasa fikiria waya huo umevaa sweta. Vumbi likichanganyika na mvuke wa oili linaganda juu yake, na hewa haiupozi tena inavyotakiwa. Sensa inaripoti hewa pungufu, kompyuta inatoa petroli pungufu, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Sensa ya oksijeni kule kwenye egzosi inaliona hilo na kuitaka kompyuta iongeze. Inaongeza, inaongeza, ikifika mwisho wa uwezo wake inawasha taa na kuandika kodi, yaani namba ya hitilafu: P0171, mchanganyiko una petroli pungufu. Ndiyo maana mtu akiniambia gari linakula mafuta kwa sababu ya sensa chafu, huwa sikubali haraka. Mara nyingi naanza na plagi, breki zinazoshika, na upepo wa matairi.

Kompyuta hutunza hesabu ya petroli inayoongeza au kupunguza. Inaitwa fyueli trimu, na huhitaji mashine ya gereji kuiona. Kile kidude cha ELM327 cha bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, kichomeke chini ya usukani, fungua programu kwenye simu, tafuta trimu ya muda mfupi na ya muda mrefu, ujumlishe. Ikicheza ndani ya asilimia 10 kwenda juu au chini, kompyuta haina malalamiko makubwa. Angalia mara mbili: gari likiwa sailensi, kisha ukilishikilia kwenye mizunguko 2,500.

Hapo ndipo watu wengi wangeokoa pesa zao. Kama trimu ni +20 kwenye sailensi halafu inashuka karibu na sifuri ukipiga resi, usiiguse sensa. Hiyo ni hewa ya wizi: inaingia baada ya sensa, kupitia mpira uliopasuka au gasketi iliyochoka, haikuhesabiwa na mtu. Kwenye sailensi wizi huo ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukipiga resi unamezwa na hewa halali. Chukua ule mpira mkubwa wenye mikunjo unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye throto, ule mlango wa hewa wa injini, uukunje kwa mikono miwili. Nyufa hujificha ndani ya mikunjo, upande wa chini, ambako jicho halifiki.

Ikiwa ni kinyume chake, trimu inapanda kadiri unavyoitwisha injini mzigo, basi sensa inashukiwa. Inashukiwa pamoja na pampu ya petroli na filta yake, maana petroli ikifika kidogo dalili ni hizo hizo. Kinachozitenganisha ni ile namba ya gramu. IST ya Mwalimu ilikuwa na +8 kwenye sailensi, +19 kwenye kilima, na namba ya gramu kwa sekunde iliyokuwa chini ya 2 niliyoitegemea kwenye sailensi. Mpira ulikuwa mzima. Nikaridhika kwamba tunaye mtuhumiwa.

Mafundi wengi huchomoa soketi ya sensa injini ikiunguruma, gari likitulia wanasema sensa mbovu. Si jaribio baya. Kompyuta ya Toyota ikikosa taarifa ya sensa inakisia hewa kwa kutazama mizunguko na mkao wa throto, na makisio hayo yanaweza kuwa bora kuliko uongo wa sensa chafu. Ila halikuonyeshi kama sensa imekufa au imechafuka tu, na litakuachia kodi za P0102 na P0113. Ya kwanza ni ya sensa yenyewe, ya pili ni ya joto la hewa, kwa kuwa kipimajoto kimo humo humo. Nimeshakutana na watu waliouziwa "sensa ya joto" kwa sababu ya kodi iliyoandikwa na mkono wa fundi mwenyewe.

Kuosha kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Zima gari, toa ufunguo, acha injini ipoe. Bonyeza kilimi cha soketi ndipo uvute. Ukivuta waya utaondoka na waya. Skrubu ni 2, bisibisi ya msalaba inatosha, ila iwe saizi yake. Itoe sensa moja kwa moja bila kuipinda.

Kabla ya kupuliza chochote, itazame. Mimi naweka simu kwenye kamera, nakuza, namulika tochi kwa ubavu. Kwenye sensa ya Mwalimu, ndani ya kile kidirisha, kale kakipande kalikuwa na manyoya ya kijivu upande mmoja tu, ule unaotazamana na hewa, na bawa la mdudu limenata pembeni kama karatasi ya sigara. Kipimajoto, kale katone kanakoning'inia kwenye miguu miwili, kalikuwa na rangi ya kahawa.

Dawa ni ile ya kopo iliyoandikwa kabisa kuwa ni ya MAF. CRC wanayo. Usichanganye na WD-40 ya kawaida, hiyo ni mafuta. Ukikosa, alkoholi ya isopropili ya 99% inafaa, imwagie kwa bomba la sindano bila kuigusisha sindano. Spiriti ya duka la dawa siipendi: nyingi zina maji, na nyingine zimetiwa vitu vya ngozi vinavyobaki baada ya kukauka. Dawa ya breki na dawa ya kabureta ni kali kwa plastiki na gundi ya ndani. Kabureta klina iache kwenye throto, kwake.

Shika sensa ikitazama chini, puliza mara 10 hadi 15, mipulizo mifupi, kila upande wa kidirisha. Uchafu udondoke wenyewe. Na hapa naomba unisikilize: hakuna pamba, hakuna mswaki, hakuna kitambaa "laini". Waya ule ni mwembamba kuliko subira ya fundi mwenye gari tatu zinazomsubiri. Nina kikombe dukani chenye sensa zilizokatika, na karibu zote zilikuwa zinafanya kazi asubuhi ya siku zilipokatika. Kompresa pia hapana. Ule upepo ni mwingi mno kwa kitu kilichosimama juu ya miguu kama ya mbu.

Iache ikauke nusu saa kivulini. Dawa inaondoka kwa dakika chache, lakini ni kitu kinachowaka moto na wewe unakwenda kupasha waya, haraka ya nini? Wakati unasubiri, kagua oringi ya mpira. Ikiwa imekauka au imepasuka ibadilishe, vinginevyo umejitengenezea hewa ya wizi wewe mwenyewe. Skrubu zirudi kwa vidole kwanza, bisibisi imalizie kidogo. Zinaingia kwenye plastiki, na plastiki haina huruma ya mara ya pili. Futa kodi kwa simu, washa, liache litulie.

La Mwalimu lilisoma gramu 1.9. Tukazunguka mtaani dakika 20, tukarudi na trimu ya +3. Akaanza kutafuta pochi.

Nikamwambia bado. Sensa iko nyuma ya filta. Vumbi lile na bawa la mdudu vilipitaje? Nikafungua boksi. Filta ilikuwa imepulizwa kompresa mara nyingi mpaka karatasi yake ikawa na vitobo. Ukiinyanyua juani unaona nyota. Hii ni tabia yetu, kila tukienda sheli au kuosha gari tunasema "nipulizie na ea klina", kijana anasogeza mdomo wa kompresa mpaka unagusa karatasi, vumbi linatimka, tunaridhika. Filta ya karatasi ukiigongagonga chini inatosha, na ikikataa kutoa vumbi imeshamaliza kazi. Nunua nyingine.

Lakini filta haikuwa peke yake. Klipu moja ya boksi ilikuwa imekatika, na mtu alikuwa amefunga kifuniko kwa waya wa kufungia nondo. Upande huo kifuniko kilikuwa kimenyanyuka kiasi cha kupitisha kadi ya simu, na mstari wa vumbi jekundu ulitoka kwenye mwanya ule moja kwa moja mpaka kwenye tundu la sensa, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Nikamwonyesha. Akavua miwani, akaitazama, akairudisha.

"Kwa hiyo hata ile mpya ningenunua..."

"Ungerudi baada ya miezi kadhaa, Mwalimu."

Kuosha sensa kulituchukua dakika 10 na nusu saa ya kukauka. Boksi la mtumba lenye klipu zote tulilitafuta siku mbili.