Upande wa pili si jaa la nyimbo: dhana potofu ninazozisikia studio

Bendi ya roki inapokuja kurekodi singo, yaani santuri ndogo yenye wimbo mkuu upande mmoja na wimbo mwingine upande wa pili (upande B), kuna kauli moja ambayo hunifikia kwenye mikseri kabla hata dramu hazijafungwa sawasawa: "Huu wa pili tutaumalizia jioni, ni wa upande B tu." Wiki hii nimeisikia tena, kutoka kwa vijana wenye kipaji kikubwa waliotenga siku mbili nzima kwa wimbo wa kwanza na saa moja na nusu kwa wa pili. Nimeona niandike, kwa sababu kuwaeleza mmoja mmoja hakujasaidia.

Dhana: Wimbo wa upande wa pili ni masalia ya albamu, hauhitaji muda wala maandalizi.

Wimbo huwekwa upande wa pili kwa sababu nyingi, na udhaifu wa wimbo wenyewe ni mojawapo tu, tena si ya kwanza. Upande mmoja wa santuri ndefu, ile ya albamu, hubeba takriban dakika 22. Ukizidisha hapo mifereji husongamana na sauti hupungua nguvu. Ndiyo maana "Silver Springs", uliotungwa na Stevie Nicks wa Fleetwood Mac, uliachwa nje ya albamu ya Rumours na kuishia nyuma ya singo ya "Go Your Own Way" mwaka 1976. Queen waliweka "We Will Rock You" nyuma ya "We Are the Champions" mwaka 1977. The Smiths waliuficha "How Soon Is Now?" katika upande wa pili wa singo ya mwaka 1984, na mwaka uliofuata ukalazimika kutolewa wenyewe kama singo.

Anayetaka kujua kazi ya studio inavyoweza kumiminwa katika wimbo wa namna hiyo ausikilize "Rain", ambao The Beatles waliurekodi London mwezi Aprili 1966 na kuuweka nyuma ya "Paperback Writer". Ala za msingi zilipigwa kwa kasi kuliko mwendo tunaousikia, kisha tepu ikapunguzwa kasi, ili dramu na magitaa yapate uzito ambao haupatikani kwa kupiga polepole. Na mwishoni sauti ya mwimbaji ikageuzwa ikasikika kinyumenyume. Ringo Starr mwenyewe ameuhesabu upigaji wake wa dramu humo kuwa miongoni mwa kazi zake bora kabisa. Watu wanaotazama saa ya kufunga studio hawafiki huko.

Sasa fikirieni hali ya chumba ifikapo jioni. Ngozi za dramu zilizopigwa tangu asubuhi zimelegea, nyuzi za gitaa zimepoteza ung'avu, koo la mwimbaji limechoka, na masikio yangu, baada ya saa nyingi za sauti kubwa, hayapimi tena vizuri sauti za juu, hivyo naziongeza kupita kiasi bila kujua. Msikilizaji hajui lolote kuhusu uchovu huo. Yeye husikiliza nyimbo mbili zikifuatana katika spika zilezile, na upungufu wa wa pili huubaini kabla ya kiitikio cha kwanza.

Ushauri wangu, ambao bendi nyingi huupinga mpaka ziujaribu, ni kurekodi wimbo wa upande wa pili kwanza, asubuhi ya siku ya kwanza. Wimbo mkuu mmeufanyia mazoezi kwa miezi kadhaa na mikono inaujua hata mkiwa mmechoka. Huu mwingine bado haujapata umbo, na ndio unaohitaji akili mpya. Isitoshe, hofu ya studio huishia humo, na mnapoufikia wimbo mkuu mmekwisha kuzoea hedifoni na mwangwi wa chumba.

Dhana: Upande wa pili haulipi.

Nakala ya singo inapouzwa, mtunzi wa kila upande hupata mirabaha yake. "I'm in Love with My Car", uliotungwa na Roger Taylor, mpiga dramu wa Queen, ulikuwa nyuma ya "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975, na kila aliyenunua wimbo huo wa mwimbaji wao Freddie Mercury alinunua na wa Taylor. Amueni nani ametunga nini kabla ya kurekodi, si baada ya singo kuvuma.

Dhana: Kava (wimbo wa mwingine unaourekodi upya) nzuri ni ile inayofanana kabisa na wimbo wa asili.

Kama inafanana kabisa, msikilizaji tayari anao wimbo wa asili. Jimi Hendrix aliuchukua "All Along the Watchtower" wa Bob Dylan, uliokuwa wa gitaa kavu na harmonika, akautoa mwaka 1968 ukiwa na umeme tele. Anzeni kwa kutafuta ufunguo, yaani kimo cha noti ambacho wimbo huimbwa, unaoifaa sauti ya mwimbaji wenu. Nimeshuhudia waimbaji hodari wakijiumiza kwa sababu tu bendi ilikataa kushusha ufunguo wa mwenye wimbo.

Dhana: Ruhusa ya kava huombwa kwa mwimbaji, na ukibadilisha maneno huhitaji ruhusa.

Mwimbaji maarufu huenda hamiliki chochote katika utunzi. Haki ya utunzi ni ya mtunzi au mchapishaji wake, na haki ya rekodi ni jambo jingine. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1909, wimbo ukishatolewa katika rekodi kwa idhini ya mwenye utunzi, mwingine anaweza kuurekodi kwa kufuata taratibu na kulipa kiwango kilichowekwa. Anaruhusiwa kuupanga kwa mtindo wake, lakini si kugeuza melodia ya msingi wala tabia ya wimbo. Kwa hiyo kubadilisha maneno hakupunguzi haja ya ruhusa, kunaiongeza. Na video ya kava hiyo huhitaji ruhusa yake ya pekee, ambayo mwenye utunzi anaweza kuikataa.