Kuwa kwenye Wi-Fi Moja Si Kuelewana

Wateja wengi wanaoniita kufunga mifumo ya kiotomatiki katika nyumba za hapa Nairobi hudhani kwamba vifaa vikishaingia kwenye Wi-Fi moja, vimekwisha kuelewana. Mtandao hubeba ujumbe tu. Kuuelewa ujumbe huo ni kazi ya muundo wa data, yaani makubaliano kuhusu jina la kila kipimo, uniti yake, mipaka yake na wakati kilipochukuliwa.

MQTT, itifaki (kanuni za kutumiana ujumbe kati ya vifaa) iliyobuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta na ambayo sasa imeenea majumbani, hufikisha ujumbe bila kujali kilichomo. Kwa hiyo kihisi kimoja chaweza kutuma 23.5, kingine 2350, na cha tatu 74.3 kwa kuwa kinahesabu kwa Fahrenheit, ilhali vyote vinaeleza joto lile lile la sebule. Kuandika kwa JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data, hakuondoi tatizo hilo, kwa sababu JSON hupanga majina na thamani lakini haisemi kama mwangaza wa 100 ni taa inayowaka kikamilifu, au haujafika hata nusu kwa mtengenezaji anayehesabu hadi 255.

Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa vya nyumbani kilichotolewa mwaka 2022, kinaamua mambo hayo mapema. Joto hutumwa kama namba kamili katika sehemu za mia za nyuzi za Selsiasi, hivyo 2350 ni nyuzi 23.50 kwa kila mtengenezaji. Mwangaza nao huishia 254, ukomo uliorithiwa kutoka Zigbee, kiwango cha zamani zaidi cha vifaa visivyotumia waya, ambako 255 imetengwa kuashiria thamani isiyojulikana. Mimi naona ukali huu ndio faida yake kubwa, ingawa matangazo husifu zaidi urahisi wa kuunganisha.

Wakati husahaulika kuliko yote. Ratiba ya 18:30 isiyotaja kanda ya saa, ikisomwa na kifaa kinachofuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, itawasha taa ya lango saa tatu na nusu usiku, giza likiwa limeingia zamani. Hata ukubwa wa nafasi ya kuhifadhi wakati una gharama yake: mita za umeme za tokeni zinazofuata kiwango cha kimataifa cha STS huhesabu dakika tangu mwaka 1993 kwa biti 24, na hesabu hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024, ndiyo maana wateja wa umeme walitakiwa kuingiza tokeni maalumu za kusasisha mita zao.

Kwa vifaa visivyo na hati yoyote ya kueleza data yake, ambavyo ni vingi madukani, mimi hufanya ubadilishaji mara moja tu, pale data inapoingia kwenye kidhibiti kikuu: joto liwe Selsiasi, mwangaza uwe asilimia, wakati uwe UTC. Kanuni zote za kiotomatiki za nyumba husoma thamani hizo zilizosawazishwa, na kihisi kikibadilishwa, ni mstari mmoja tu wa ubadilishaji unaoandikwa upya.