Je, wajua kwa nini mateso hayaonekani katika filamu ya Man Hunt?

Ni Julai 1939, msituni karibu na Berchtesgaden, Bavaria. Kapteni Alan Thorndike, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza, kalala kifudifudi na bunduki yenye darubini. Anayeonekana ndani ya darubini ni Hitler. Thorndike anafyatua, inalia "ta!" tu, haina risasi. Anatabasamu, anapunga mkono kama anayeaga. Halafu anasita, anapachika risasi ya kweli. Jani linadondoka juu ya darubini, analipangusa, na mlinzi anamrukia.

Tangu hapo, aliyekuja kuwinda ndiye anayewindwa, kutoka Ujerumani mpaka London. Lakini kwanza Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wanataka atie saini karatasi inayosema ametumwa na serikali ya Uingereza. Anakataa. Wanamtesa. Na sisi watazamaji hatuoni hata kofi moja.

Sababu ni mwaka wenyewe. Filamu hii ilitoka Juni 1941, miezi sita kabla Marekani haijaingia vitani, na Wamarekani wengi hawakutaka kabisa kuburutwa kwenye vita vya Ulaya. Ofisi ya Joseph Breen, iliyokuwa ikikagua filamu za Hollywood kabla hazijatoka, iliona kazi hii inachochea chuki dhidi ya Wajerumani. Ikaagiza mateso yasionyeshwe.

Mwongozaji, Fritz Lang, aliwajua Wanazi vizuri: mwaka 1933 walipiga marufuku filamu yake moja, naye mwaka huohuo akaihama Ujerumani. Agizo akalitii, ila kwa ujanja wake. Baada ya mateso anatuonyesha kivuli cha Thorndike, mtu asiyejiweza tena, huku ofisa Quive-Smith, aliyeigizwa na George Sanders, akiendelea kuzungumza kwa upole na adabu. Upole ule unatisha kuliko kiboko. Yaliyotendeka humo chumbani kila mtazamaji anayajaza mwenyewe, na akili ikiachiwa kazi hiyo haina huruma.

Wakaguzi walimgusa hata Jerry, msichana anayemficha Thorndike jijini London, aliyeigizwa na Joan Bennett. Kila dalili inaonyesha anajiuza barabarani. Hilo nalo halikukubaliwa, basi cherehani ikawekwa chumbani kwake, ili aonekane fundi wa nguo. Ukiitazama filamu, itafute cherehani hiyo.

Thorndike anamnunulia Jerry pini ya kofia yenye umbo la mshale. Baadaye, Thorndike akiwa amejificha pangoni na mlango umezibwa kwa nje, Quive-Smith anampenyezea tunduni kofia ya Jerry, pini ikiwa bado imechomekwa. Kifo cha binti huyo pia hatukukiona. Kofia ndiyo inayotuambia. Thorndike anang'oa ubao wa kitanda, anautia mkanda na kuugeuza upinde. Mshale wake anaufunga ncha ya pini ileile.